Watu Sitini na Watatu wa Mama Friji

Jina lake hasa lilikuwa limeshasahaulika pale kituoni. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa muuguzi wa chanjo, na miaka yote hiyo alitunza jokofu jeupe lililosimama kwenye chumba kidogo nyuma ya chumba cha sindano. Watoto aliowachoma, ambao sasa walikuja wamebeba watoto wao, walimwita Mama Friji, naye aliitika. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, mwenye mkono mwepesi. Ulikuwa unasubiri maumivu, kumbe yeye ameshamaliza na anakwambia, "Haya, shusha mkono wa shati."

Ugonjwa ule wa kubana pumzi ulipoingia mara ya kwanza, ulimchukua mfamasia wa kituo, ukamchukua mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ukapita mitaani nyumba hii na ile, kisha ukatulia. Redio ilisema umeondoka. Daktari mkuu wa kituo, ambaye hakuwa mtu wa kutisha watu, alisema haujaondoka, na kwamba ukirudi utakuja na nguvu mpya. Miezi miwili, alisema. Ikizidi sana, mitatu.

Chanjo ilifika katikati ya utulivu huo. Kuna watu waliojipanga foleni tangu asubuhi, wamevaa nguo zao nzuri kama waendao harusini. Kuna waliosema inakausha uzazi, na waliosema ukichanjwa kijiko kinanata begani. Fundi viatu aliyekaa mbele ya lango la kituo alisema, "Mimi nina miaka sabini na mbili. Wakinikausha uzazi watakuwa wamenipunguzia kazi," akakunja shati na kuingia. Lakini wengi hawakusema lolote. Walipomwona Mama Friji anakuja, walivuka barabara.

Aliyemnyima raha kuliko wote ni dada yake. Dada alimzidi miaka kumi na mmoja, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea, akamvisha, akamsomesha kwa kuuza mitumba sokoni. Alikuwa na kichwa kigumu na kifua kibovu, na kila baridi ilipoingia alikohoa mpaka Mama Friji akawa anakohoa naye kwa huruma. Wiki tatu nzima walivutana.

"Hiyo dawa imetengenezwa haraka mno," Dada alisema. "Hata gauni likishonwa haraka huachia kwenye mshono."

"Dada, mimi nimechanjwa. Niko hapa."

"Wewe bado mdogo."

"Nina miaka hamsini."

Jumatatu moja, bila kuambiwa tena, Dada alitokea kwenye foleni. Akakaa kwenye kiti, akageuzia uso ukutani, akatoa bega. "Nikwambie ukweli," alisema, "dawa yenyewe siiamini. Nakuamini wewe."

Siku hiyo na ya pili yake walikuja watu wengi kuliko wakati wowote. Mama Friji aliandika majina sitini na matatu kwenye daftari, na jioni alikwenda nyumbani miguu inauma lakini moyo umetulia.

Jumatano asubuhi aliingia kwenye chumba cha jokofu kama kawaida. Mshale wa kipimajoto mlangoni ulionyesha nyuzi nne, akaandika nne. Kisha akafungua sehemu ya juu kuchukua vipakiti vya barafu vya kuwekea kwenye kisanduku cha kubebea chanjo mitaani, safari ya kila Jumatano. Kipakiti cha kwanza kilimlegea mkononi. Cha pili kilikuwa maji matupu. Akausogelea ule mshale, akaugonga kwa kidole. Haukutikisika. Akaugonga tena kwa nguvu, nao ukaruka kutoka nne hadi ishirini na mbili.

Akatoa kichupa kimoja, akakisogeza dirishani. Kila kichupa kina alama, kimraba cheupe ndani ya duara jeusi. Joto likizidi, kile kimraba kinaanza kuiva, na kikishakuwa cheusi kama duara lake, kichupa hicho ni cha kutupa. Alama ilikuwa nyeusi. Akatoa kingine. Nyeusi. Akakumbuka vichupa vitupu vya Jumatatu na Jumanne, akavimwaga mezani kutoka kwenye kopo la taka, akavigeuza kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimeiva.

Kwa miaka ishirini na saba aliangalia alama kabla ya kuvuta dawa. Jumatatu na Jumanne, kwa sababu ya ile foleni na furaha ya ile foleni, hakuangalia.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Imewadhuru?"

"Hapana. Haiwadhuru. Ila haifanyi kitu. Ni kama nimewachoma maji."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Daktari alirudi kitini. "Sikiliza, Mama. Jokofu litatengenezwa leo, na dozi nyingine naziomba wilayani leo hii. Hao watu wanarudi baada ya miezi miwili kwa sindano ya pili. Watapata nzima. Lakini tukitangaza hili, hapa hatachanjwa mtu tena. Tutakuwa tumewapoteza mamia kwa ajili ya sitini."

"Sitini na watatu. Na wimbi la pili la ugonjwa linakuja lini, Daktari?"

Daktari aligeuka akatazama uani, ambako watu walishaanza kukaa kwenye mabenchi. Kilichomtisha Mama Friji si kwamba daktari alikuwa mtu mbaya. Ni kwamba alichosema kilikuwa na kweli ndani yake, na yeye aliijua.

Alitoka hapo akaenda sokoni na sare yake ya kazi. Alimkuta Dada kwenye meza yake ya mitumba, barakoa ameitundika kwenye msumari pamoja na mikanda ya kuuza, anapima blauzi kifuani pa mteja huku anacheka. Tangu Jumatatu alikuwa anamwambia kila apitaye kwamba yeye sasa ana kinga. Mama Friji alisubiri mteja aende, akamwambia yote, bila kujitetea wala kumtupia mtu lawama.

Dada alikunja blauzi. Aliikunja vizuri, mkono juu ya mkono.

"Kwa hiyo nilichochomwa si dawa."

"Ilikuwa dawa. Iliharibika kwa joto. Dada, njoo kesho, kutakuwa na nyingine. Nitakuonyesha kichupa mwenyewe."

"Jumatatu uliniambia niko salama. Leo unaniambia siko salama. Basi umenidanganya mara moja, mdogo wangu. Sijui ni siku ile au ni leo."

"Vaa angalau barakoa."

"Nina wateja," Dada alisema, akampa kisogo.

Siku tatu zilizofuata, baada ya kazi, Mama Friji alizunguka na daftari lake. Aligonga mlango, akajitambulisha ingawa walimjua, akasema maneno yale yale. Fundi viatu, ambaye siku alipoingia na maneno yake ya uzazi ilikuwa ile Jumanne, alicheka mpaka akafuta macho. "Kumbe nilichomwa chai ya moto," akasema, na kesho yake akarudi wa kwanza. Mama mmoja alimshika mikono akamshukuru. Mwingine alimsikiliza kwenye upenyo wa mlango, akaufunga taratibu, na Mama Friji akasikia komeo likiingia. Kwenye nyumba ya kumi na nne, kijana mwenye duka alimwomba arudie alichosema, naye akarudia, hakujua kwamba simu iliyosimamishwa kaunta ilikuwa inarekodi.

Kabla ya jua kuzama, sauti yake ilikuwa imeshaenea kwenye simu za watu mtaa mzima. Walikuwa wameikata. Habari za jokofu hazikuwemo, wala za kurudi kuchanjwa upya. Yalibaki maneno mawili matatu, kwa ile sauti ya upole ambayo kila mtu aliijua tangu utotoni: ni kama nimewachoma maji.

Jumatatu iliyofuata mabenchi ya uani yalikuwa matupu. Daktari alimwita dirishani, akamwonyesha kwa mkono. Barua ya onyo ilikuja kutoka wilayani na Mama Friji akaitia saini. Jokofu lilikuwa limetengenezwa na kujazwa, linanguruma vizuri, na dozi zake zilikaa humo zikisubiri mabega. Kati ya watu wake sitini na watatu, walirudi ishirini na sita. Kila asubuhi alilifungua daftari kwenye ukurasa wa wale thelathini na saba, akayasoma majina. La dada yake lilikuwa la tisa.

Hakuacha kumfuata. Alimpelekea dawa ya kifua, akamfulia mapazia, akakaa naye mlangoni. Walizungumza habari za bei na za wajukuu. Akigusia tu chanjo, Dada alianza kukusanya vyombo.

Wimbi lilikuja wiki ya saba tangu ile Jumatatu ya foleni. Lilianzia sokoni. Kwanza muuza vitunguu alifunga meza yake, kisha jirani yake, kisha mstari mzima ukafunikwa maturubai. Shemeji, mume wa Dada, alikuwa mtu mkimya, fundi wa kutengeneza redio. Alimpigia Mama Friji simu asubuhi moja, akasema, "Hawezi kumaliza sentensi."

Wodini walimlaza kitanda cha pembeni, mtungi wa oksijeni ubavuni. Mama Friji aliruhusiwa kuingia kwa sababu ya sare yake. Dada alimtazama muda mrefu juu ya kifuniko cha plastiki cha kupumulia. Akainua mkono, akarekebisha kola ya sare ya mdogo wake, kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya shule. Alikuwa na neno, midomo ilisogea, lakini pumzi haikutosha kulibeba. Siku ya tano akafariki. Walimzika watu saba, wamesimama mbalimbali, na hakuna aliyemshika mwenzake.

Siku ya tatu baada ya mazishi Mama Friji alirudi kazini. Alipokaribia kituo alidhani kuna ugomvi. Foleni ilitoka uani, ikapita lango, ikazunguka kona. Walikuwamo waliovuka barabara. Alikuwamo mama wa komeo. Alikuwamo kijana wa duka, na hakuinua macho. Hofu ilikuwa imewaleta, na wengine tayari walikuwa wanakohoa ndani ya vitambaa.

Daktari alimpokea mlangoni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. "Dozi tulizonazo ni themanini," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nimepiga wilayani. Wanasema wiki hii hakuna, na ijayo hawajui."

Mama Friji hakuihesabu foleni. Alinawa mikono, akaangalia alama ya kila kichupa kwenye mwanga, akaanza.

Wa kumi na mbili alikuwa Shemeji. Alikaa, akatoa bega, akatazama mbele. Sindano ilipotoka hakuinuka.

"Shemeji," alisema, "kama angerudi siku ile ulipomwita. Angepona?"

Mama Friji alibonyeza pamba kwenye bega lake. Kulikuwa na jibu jepesi huku na jibu jepesi kule.

"Ingemsaidia," alisema. "Kama angepona, sijui."

Shemeji alitikisa kichwa polepole, akashusha mkono wa shati, akatoka bila kuaga. Nje kikohozi kilianza mbali, kule kwenye kona, kikasogea mtu kwa mtu mpaka mlangoni. Mama Friji akaandika jina, akamwita anayefuata.