Manukato ya Mama kwenye Dansi ya Uhuru

Miaka ya Ujamaa, mama yangu alikuwa mwalimu kijijini kwetu, karibu na Same. Dada yake alimletea chupa ya manukato kutoka Mombasa. Yalikuwa makali, ya udi na waridi, na tone moja nyuma ya sikio lilidumu jioni nzima.

Alipoingia ukumbini kwenye dansi ya sikukuu ya Uhuru, mwenyekiti wa kijiji alimwambia, “Ndugu mwalimu, hiyo ni harufu ya kibepari.”

“Mchana kutwa nimelima shamba la kijiji, ndugu mwenyekiti,” Mama akajibu. “Jioni nanukia nipendavyo.”

Mke wa mwenyekiti akacheka, akaja kuomba tone. Wanawake wengine wakamfuata. Dansi ilipoanza, ukumbi mzima ulinukia kama Mama, nami binti yake nilitembea kifua mbele.