Theluji Ilipotufungia Chini ya Mlima Fuji

Mama alipopata kiharusi, hakuna kikao kilichokaa kuamua nani atamhudumia. Kaka yangu alikuwa na mke, watoto na kazi yake Kinondoni. Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na cherehani yangu tayari ilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba ya mama, Mbagala. Jambo likajiamua lenyewe. Nikabaki.

Mwanzoni niliwaambia wateja kwamba ni kwa muda tu. Miaka ikapita. Nilishona sare za shule na magauni ya vitenge huku sikio moja likiwa chumbani, kwa sababu mama, ambaye upande wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamembakia machache, aliniita kwa kugonga kikombe cha bati kwa kijiko. Akigonga, naacha nguo chini ya sindano, naingia. Kumgeuza, kumsafisha, kumlisha uji, kumgeuza tena. Wenzangu walikwenda kwenye harusi; mimi harusi hizo nilizijua kwa mishono. Kutoka kwangu kulikuwa ni kukimbilia Rangi Tatu kununua nyuzi, nimemwachia jirani mlango. Watu waliniambia, "Pepo yako ipo miguuni kwa mama yako," nami niliitikia amina, kwa moyo kabisa. Lakini zipo siku nilisimama getini nikiwaangalia wapita njia, nikawaonea wivu hata wale waliokuwa wanakwenda msibani.

Kabla mama hajaugua, tuliwahi kumpangisha chumba msichana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu kwenye shule moja ya Temeke. Alijifunza Kiswahili jikoni kwetu, juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Aliporudi kwao akawa kiongozi wa watalii. Wakati wa baridi anachukua kikundi kidogo na kukizungusha kuuzunguka Mlima Fuji, ambao watu wa kwao wanauheshimu kama mahali patakatifu. Hawaupandi, maana baridi ikianza kileleni hapaendeki. Wanatembelea mahekalu, wanalala kwenye nyumba zilizokuwa za mahujaji, wanaonjeshwa chakula na mila.

Siku moja alipiga simu ya video. Mgeni mmoja alikuwa amejitoa baada ya kulipa, nafasi yake ipo wazi, na nauli angenilipia yeye.

"Dada, njoo wewe," alisema. "Mimi nimekaa kwenu mwaka mzima. Wewe kwetu hujafika hata mara moja."

"Na mama nimwachie nani?"

Nilidhani nimeyafunga mazungumzo. Kumbe mama alikuwa anatusikiliza. Aligonga kikombe, nikageuka.

"Nenda," alisema. Lilimtoka kwa tabu, mdomo umepinda, lakini lilitoka zima.

Kaka alikuja Ijumaa, kama kawaida yake, na tikiti maji na dua nyingi. Mkewe alikuwa naye. Nilipomweleza kaka habari ya safari, alilitua tikiti chini.

"Japani? Kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kutembea." Alilirudia neno kana kwamba analionja. "Sasa mie mwanamume nitamhudumiaje mama, mdogo wangu? Kwani huyo rafiki yako hawezi kungoja?"

"Kungoja mpaka nini, kaka?"

Kaka akalitazama tikiti. Wote watatu tulijua kinachongojwa ni nini, na mama alikuwa ndani anasikia. Wifi yangu ndiye aliyetuokoa.

"Kuogesha nitaogesha mie," alisema. "Kulisha utalisha wewe. Au mama hakukulishaga?"

Makoti mazito yalijaa tele kwenye mitumba ya Tandika, hakuna anayeyagusa. Nilichagua moja la kijivu lililofika magotini, nikalipunguza mabega nyumbani. Nilipolivaa kumwonyesha mama, jasho lilinitoka hadi kwenye visigino, na mama akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Tulikuwa wachache, tukaenea kwenye gari moja dogo: mzee wa Kiaustralia na mkewe, wasichana wawili wa Kikorea waliopiga picha kila kitu, mimi na rafiki yangu, mwenyeji wetu. Siku ya kwanza mlima ulijionyesha wote. Gari lilikata kona na ukawa umesimama mbele yetu, mweupe, peke yake, hauna mlima mwenzake wa kuegemea. Mimi Kilimanjaro yenyewe nimeiona kwenye kalenda tu. Nilitamka "Subhanallah" kwa sauti, na yule mzee akageuka kuniuliza kama ninaumwa.

Tulikwenda kwenye hekalu lililo kati ya miti mirefu mno, njia yake imepangwa taa za mawe. Kabla ya kuingia, watu wanateka maji ya baridi kali kwa kata, wananawa mikono na kusukutua. Nilijikuta nimekunja mikono ya koti kama mtu anayetawadha. Mwenyeji wetu alieleza kwamba mahujaji wa zamani walifika hapa kwa miguu kutoka mbali, wakajitakasa kwa maji, ndipo wakapanda. Wenzangu walisikiliza. Mimi nilikuwa nasikilizia kikombe. Mikono haina kazi, hakuna anayeniita, na badala ya kupumua nilikuwa nashtuka kila kitu kilipogonga. Mwili ulikuwa Japani, roho imefungwa kamba kwenye kitanda cha Mbagala.

Usiku wa pili tulilala kwenye nyumba ya zamani ya mahujaji, ya mbao, sakafu za mikeka na milango ya karatasi inayosukumwa pembeni. Asubuhi nilipoamka, ulimwengu ulikuwa kimya namna ambayo sijawahi kuisikia. Nikasukuma mlango. Ua haukuwepo, gari letu lilikuwa kichuguu cheupe, na theluji bado inaanguka. Mlima nao ulikuwa umemezwa, kana kwamba haujawahi kuwapo.

"Barabara zimefungwa, na treni zimesimama," mwenyeji wetu alituambia. "Tutakaa hapa mpaka wasafishe."

"Mpaka lini?" mzee wa Kiaustralia aliuliza.

"Sijui."

Tukaketi kuizunguka meza fupi yenye joto chini yake, miguu imefunikwa mfarishi mmoja sote, tukinywa chai isiyo na sukari. Adhuhuri simu yangu ikaita. Alikuwa kaka. Kwao ndio kwanza asubuhi ya uji.

"Mama hali," alisema. "Tangu jana. Nikimpelekea kijiko, anafumba mdomo. Hebu ongea naye."

Aliiweka simu mbele ya mama. Niliona shavu na nusu ya jicho. Nikambembeleza, nikamwapia kwamba narudi. Akageuza uso. Kisha kaka akairudisha simu kwake.

"Rudi, mdogo wangu. Mie siwezi haya mambo."

"Nitarudije? Tumefungiwa na theluji."

"Theluji," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa uongo wa kitoto. Ikakatika.

Nilimwendea mwenyeji wangu nikamwambia nitatembea hadi stesheni. Hakubishana nami. Alinivika viatu vya mpira na kunifungulia mlango. Nilipiga hatua chache, nikazama hadi mapajani, baridi ikaniuma hadi kwenye meno. Nilisimama katikati ya ule weupe, mbele sioni, nyuma sitaki kurudi, nikalia kwa hasira kama mtoto aliyenyimwa. Akaja kunivuta mkono taratibu.

Alasiri, wenzangu walipokuwa wanafundishwa kukunja karatasi, nilisikia mguno kutoka vyumba vya ndani. Mguno ule naujua. Ni wa mtu aliyelalia ubavu mmoja muda mrefu mno na hana namna ya kusema.

"Nani yule?" nilimuuliza mwenyeji wangu.

"Ni mama wa mwenye nyumba. Mzee sana, aliwahi kuanguka. Usijali, dada, wewe ni mgeni."

"Mwombe ruhusa niingie."

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa umri wangu, au alinizidi kidogo, mwenye mikono iliyochanika kwa maji ya baridi. Aliona aibu, akainama mara nyingi, kisha akanipisha. Bibi alikuwa mdogo kama kifurushi. Mwanawe alimshika mabega, mimi nikamshika nyonga, na bila neno hata moja tukamgeuza kwa pamoja, tukamwekea mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Bibi akashusha pumzi. Mwanawe akanitazama, machozi yakamlengalenga.

"Muulize, yeye hutokaga?" nilimwambia mwenyeji wangu.

Mwenye nyumba alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja.

"Anasema wageni wanatoka nchi zote kuja kulala hapa. Yeye hata ng'ambo ya ziwa la hapa jirani hajafika tangu mama yake aanguke."

"Mwambie atoke sasa. Mie nitakaa na bibi."

"Atoke aende wapi, dada? Si barabara zimefungwa?"

"Popote miguu inapofika."

Alikataa, kisha akakataa kidogo, kisha akavaa viatu. Alipofunga mlango, nilibaki nimeketi kando ya kitanda cha mgonjwa, nasikiliza pumzi. Hapo ndipo hasira ilinipanda sawasawa. Nimevuka bahari na mabara, nimevaa koti la watu, halafu chumba ni kile kile! Nilitamani kuupiga ukuta, lakini ukuta wenyewe ulikuwa karatasi. Bibi akasema kitu kwa lugha yake. Nikamjibu kwa yangu, "Ndiyo bibi, hata mie nimechoka." Akaendelea kusema, nami nikaendelea kujibu, mpaka akapitiwa na usingizi.

Mwenye nyumba alirudi mashavu mekundu, na viazi vitamu vya kuchoma kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa amekwenda kwa rafiki yake wa shule, nyumba chache tu kutoka pale kwa kijia walichofukua majirani, ambako hakuwa ameingia kwa miaka. Walikuwa wameongea mpaka chai ikapoa. Kesho yake theluji ilikuwa bado, nikamwambia atoke tena. Safari hii hakukataa.

Kaka alipiga jioni hiyo. Nilipokea nikiwa nimejiandaa kwa lolote.

"Kala," alisema.

"Kala nini?"

"Uji, bakuli zima. Tena mwenyewe. Nilikuwa namwagia kifuani, nadhani kachoka na mie. Kaninyang'anya kijiko kwa mkono wa kushoto, kaanza kula. Taratibu, lakini anakula."

Nikaketi chini. Miaka yote nilikuwa namlisha mimi, haraka haraka, nirudi kwenye cherehani. Hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja mkono wa kushoto ujifunze. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikaniuma.

Barabara zilipofunguliwa, muda wetu ulikuwa umekaribia kwisha. Upande wa pili wa mlima hatukuuona, na mlima wenyewe ulibaki mawinguni hadi tunaondoka. Mzee wa Kiaustralia alilalamika njia nzima. Mwenye nyumba alisimama nje kwenye baridi, ameinama, mpaka gari likapotea.

Kaka alinipokea uwanja wa ndege akiwa amekonda, macho mekundu.

"Sikuwaga najua," alisema tukiwa bado hatujafika kwenye gari. Ni hilo tu. Tulimuuliza mama kama atakubali kuhamishiwa Kinondoni. Hakutaka, alitikisa kichwa kila tulipolitaja. Basi tukakubaliana kaka awe anakuja kulala Mbagala kila Jumamosi. Wiki nyingine anakuja, nyingine anatuma visingizio. Siwezi kusema amebadilika kuwa mtu mwingine.

Jumamosi ya kwanza alikuja mapema, akaketi kwenye kibaraza, akaniambia, "Haya, toka." Nilivaa baibui, nikafika getini, nikasimama. Sikuwa na pa kwenda. Kila mahali nilipopafikiria palikuwa na dawa ya mama, au sabuni ya mama, au nyuzi. Nilitembea hadi barabara kuu, nikaingia kwenye banda la mama ntilie, nikaagiza wali na samaki, nikala nikiutazama mlango kama mtu aliyetoroka. Kabla ya alasiri nilikuwa nimerudi. Mama alikuwa anakula, nusu mdomoni, nusu kwenye kanga. Nilinyoosha mkono kumsaidia.

"Acha," alisema.

Nikaketi kwenye kigoda, nikaibana mikono katikati ya magoti, nikamngoja amalize.