Nilivyoiua Windows kwa kuweka Linux, maduka yote ya jirani Nkende yakasimamishwa kazi

Wakuu, heshima kwenu nyote, mliobaki kwenye Windows na mliookoka mkahamia Linux.

Ninachokileta hapa hakina chumvi. Chumvi huku Tarime ni ya ng'ombe, na hata wao hawapewi kila siku.

Mimi nina kaduka hapa Nkende. Printing, photocopy, passport size, video za harusi, na ile kazi iliyonilisha miaka yote ya rashi: kuingiza nyimbo na muvi kwenye flash za wachimbaji wa dhahabu.

Kwa msioijua rashi, ni hivi. Dhahabu ikilipuka mahali, leo pale ni shamba la mihogo, keshokutwa ni mji wenye baa, saluni na mchungaji. Wakisikia imelipuka kwingine, mji unahama na mchungaji wake.

Sasa mtu anayelala chini ya turubai na wenzake asiowajua hata majina hawezi kutunza kitu. Simu inadumbukia shimoni, au inapata miguu. Ndiyo maana wachimbaji wengi wakija mjini humwachia mtu wa dukani vitu vyao vya maana. Kwangu walikuwa wanaacha picha na video. Nilikuwa na folda kwenye D, chumba cha pili cha diski yangu, nimeiita AMANA. Sijisifu, ila kuna watu hawakuiamini benki wakaniamini mimi.

Tatizo lilitoka kwenye flash hizo hizo. Flash ya mchimbaji ina virusi wengi kuliko nyimbo. Unaichomeka, mafolda yote yanageuka shortcut.

Nikaja humu kulia. Mkanijibu kwa sauti moja: weka Linux mkuu, virusi watakusahau. Mmoja akaongeza kwamba Windows ni ya watoto.

Wakuu, mimi ni Mkurya. Nimepita jandoni mchana kweupe mbele ya ukoo mzima bila kupepesa jicho. Siwezi kuitwa mtoto na mtu mwenye avatar ya katuni. Siku hiyo hiyo nikaanza kudownload.

Mpango ulikuwa dual-boot, Windows na Linux kwenye mashine moja, kila mmoja na chumba chake. Nikaipunguza D nikapata nafasi tupu. Nikawasha kwa flash ya Linux, installer ikanifungulia orodha ya partition, yaani vyumba vya diski. C naiona, D naiona, nafasi tupu ipo. Lakini mwanzoni kabisa kuna kipande cha 100MB. Hakina jina, hakina herufi, kimekaa tu.

Hapa ndipo malezi ya machimboni yaliponiponza.

Kabla ya duka nilichimba misimu kadhaa. Kati ya shimo na shimo inatakiwa iachwe nguzo ya udongo isiyoguswa, ili ardhi isishuke. Kila mchimbaji anaijua sheria hiyo. Na kila mchimbaji akifika chini anaitazama ile nguzo na kujiuliza kwa nini mawe mazuri yakae bure. Basi inaliwa. Inaliwa kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, na kila upande unaapa kwamba mlaji ni yule mwingine.

Nilipoiona ile 100MB nikaona nguzo iliyoachwa na watu wavivu. Nikaila. Delete.

Kwa wageni wa mambo haya: kile kipande ndicho Windows inachoanzia kuamka. Bila hicho, C inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiamke. Hilo nimelijua baadaye, kwa gharama yangu.

Linux ikaingia vizuri, ikapendeza. Nikawasha upya ili nichague Windows, nikakuta kwenye orodha haipo. Kwa muda mfupi nilifurahi, nikadhani nimeokoka moja kwa moja.

Na hapo bado mambo yalikuwa hayajaharibika. D ilikuwa inafunguka vizuri tu kupitia Linux. Ningenakili AMANA yote mahali pengine nikaenda kula ugali wangu. Ila wateja wa passport walikuwa mlangoni, programu ya picha iko Windows, na mimi nikataka Windows yangu irudi sasa hivi.

Nikaja tena humu. Mkuu mmoja, Mungu amzidishie, akaniandikia kwa upole: weka DVD ya Windows, fungua command prompt, andika diskpart, chagua diski, kisha andika clean. Akasema itaondoa makosa yote.

Na kweli iliondoa. Iliondoa makosa, Windows, Linux, C na D. Ile amri hufuta ramani nzima ya diski, inabaki kama shamba ambalo hakuna anayejua mpaka wa nani uko wapi. Ilimaliza kazi kabla sijatoa kidole kwenye Enter, na ikanipongeza kwa Kiingereza.

Nikawasha. Kioo cheusi, na kale kamstari kanakonyeza.

Nikiwa bado nakatazama kale kamstari, akaingia Mwita.

Mwita ni mchimbaji, kwao Machochwe kule Serengeti. Alipopata dhahabu yake ya kwanza hakununua pikipiki kama wenzake. Alinipakia mimi na kamera yangu kwenye bodaboda hadi kwa mama yake, akasema mrekodi mama, aongee chochote anachotaka. Nikarekodi, nikahariri, nikaweka na muziki. Akasema kaa nayo, nitapita kuchukua. Akaenda rashi moja, akaenda nyingine.

Masika hii mama yake akafariki. Taarifa zilimkuta chini ya shimo. Alipofika Machochwe walikuwa wameshazika.

Jumamosi ukoo ulikuwa unakaa kumaliza msiba, na Mwita alikuwa amewaambia ndugu zake kwamba sauti ya mama ipo, ataileta yeye. Hakuna nakala nyingine duniani. Ilikuwa kwenye AMANA tu.

"Mura, nimekuja kumchukua mama," akasema.

"Kaa kwanza. Kuna tatizo dogo."

Akakitazama kioo. Mchimbaji haambiwi tatizo dogo.

"Imefukia?"

"Imefukia."

"Na mama yuko chini?"

"Yuko chini."

Angenishika shati ningejua la kufanya. Hakunishika. Alivuta stuli akakaa, akauliza kwa sauti ya chini kama mama anaweza kutoka. Nikamwambia anaweza, kwa sababu kilichofutwa ni ramani, vitu vyenyewe bado viko palepale mradi nisiandike kitu juu yake. Nilimjibu kwa sauti ya mtaalamu.

Nikawasha kwa ile flash ya Linux, nikafungua TestDisk. Ni programu ya bure, haina sura, maandishi meupe kwenye weusi. Search ya haraka ikaniletea Linux peke yake. Ikabidi niende Deeper Search, ile inayopita diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho kutafuta mipaka ya zamani. Inachukua masaa.

Na hapa namleta jirani yangu, Nyamhanga. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Wakati wa rashi hapumziki. Kila akigusisha chuma, umeme wa upande wetu wote unayumba. Kompyuta yangu ni ya mezani, na UPS yake, ile betri ya akiba, kazi iliyobaki nayo ni kuzuia mlango usijifunge.

Search ikafika robo, Nyamhanga akagusisha chuma, kompyuta ikazima. Nikaanza upya. Ikapita nusu, ikazima. Nikaanza upya tena, haikufika popote.

Mwita akainua kichwa. "Huyo anapiga kazi gani na watu wamefukiwa?"

Niwaeleze kitu. Machimboni shimo likifukia na mtu yuko chini, mashimo yote ya jirani yanasimama. Hakuna nyundo, hakuna karasha, hakuna redio. Hata uwe umeshaiona dhahabu kwa macho, unaiacha unapanda juu. Hakuna mwenyekiti anayetangaza. Asiyesimama, siku yake ikifika hatachimbuliwa na mtu.

Mwita akatoka nje. Nikamsikia.

"Zima."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu chini."

Mashine ikazima papo hapo. Nyamhanga amekula kwa makarasha muda mrefu, hilo neno analijua. Alizima kwanza, ndipo akauliza ni shimo gani. Mwita akanyoosha kidole dukani kwangu.

Akaja na ile miwani yake myeusi ya kuchomelea kaipandisha kwenye paji la uso, akachungulia kioo.

"Yumo humu?"

"Yumo."

"Nani?"

"Mama."

Nilisubiri acheke. Wakuu, hakucheka. Alisema "pole, mura," akaenda kung'oa plagi kabisa isije ikawashwa na mtu kwa bahati mbaya.

Mwita akaendelea na safu yote ya maduka. Kinyozi akazima mashine na spika, mteja wake akabaki na nusu ya kichwa. Wa juisi akazima blenda. Mwishoni kabisa yupo Mzee Salimu, fundi cherehani, asili yake Tanga, mtu wa adabu na pasi ya umeme.

"Shikamoo mzee. Naomba uzime pasi."

"Marahaba mwanangu. Pasi yangu imekukosea nini?"

Mwita akamweleza. Mzee Salimu akaisimamisha pasi.

"Yaani marehemu yuko ndani ya kompyuta?"

"Ndiyo mzee."

"Sijaelewa hata moja," akasema, "lakini msiba ni msiba." Akachomoa pasi, akabeba kiti chake na tasbihi yake akaja kukaa mlangoni kwangu.

Basi ukawa msiba kamili. Wapita njia wakiona watu wamekaa kimya nje ya duka wanapunguza mwendo. Mama mmoja alitoa pole, akauliza mazishi ni wapi. Mwingine akaleta chai. Na mimi ndani nimeanza search upya, natazama namba zinapanda, shati limeloa mgongoni. Niliogopa wakuu. Nilitamani kuwaambia wale watu nje kwamba hakuna shimo lililoshuka lenyewe, kuna mtu alikula nguzo na sasa wamemkalia mlangoni na chai.

Umeme haukuyumba tena. Nawaambia kama fundi: hakuna ushauri wa humu ulionisaidia kuliko Mwita kuzima pasi ya watu.

Search ikafika mwisho, mistari ikatokea. 100MB. C. D. Nikaingia ndani ya D kuangalia kabla ya kuandika chochote, nikaiona AMANA na majina yote chini yake. Nikarudisha ramani, nikawasha upya, nembo ya Windows ikaja. Sijawahi kuipenda kiasi kile. Haki itendeke pia: aliyeitoa chini ni Linux.

Nikaicheza video. Watu wote wakajazana dukani, Mzee Salimu akapewa nafasi ya mbele.

Mama yuko nje ya nyumba yake anapepeta ulezi. Anamsema Mwita kwa Kikurya: umekonda, oa, mbona unatoboa ardhi kama fuko. Watu wakacheka. Mwita hakucheka, alikuwa amesogea hadi pua inakaribia kugusa kioo.

Kisha mama akaacha ungo, akaitazama kamera moja kwa moja. Akaniuliza mimi.

"Na wewe unayechungulia hapo, maneno yangu unayaweka wapi?"

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikijibu: "Kwangu, mama. Kwangu hakipotei kitu."

Akacheka yule mama, akacheka mpaka ulezi ukamwagika.

"Na sisi tulikuwa tunasema hivyo hivyo kuhusu ng'ombe. Weka na kwingine, mwanangu. Ng'ombe wote hawalazwi zizi moja."

Wakuu, hiyo video niliirekodi mimi. Niliikata mimi, niliisikiliza mara nyingi nikipanga muziki uishie wapi. Yule mama alinipa ushauri wa backup kwa lugha ya nyumbani kwetu, na nikamwekea kinanda juu yake.

Sikuweza kumtazama Mwita. Nilichomeka flash mpya nikanakili, nikachomeka nyingine nikanakili, kisha nikampa zote mbili. Akazifunga kwenye kitambaa, akaweka mfuko wa ndani. Akaniomba nirudishe pale mama anapocheka. Nikarudisha. Akaomba tena.

Halafu akatoka nje, akasimama katikati ya njia, akapiga ile kelele inayopigwa machimboni mtu akichimbuliwa yuko hai.

"Ametoka!"

Watu wakapiga makofi. Wapita njia nao wakapiga, bila kujua ni nani. Mwita akakaa palepale chini kwenye vumbi, akajifunika uso, akalia kilio ambacho hakukikuta Machochwe. Nyamhanga akakaa kando yake. Hakuna aliyewasha kitu mpaka aliponyamaza mwenyewe.

Mafunzo mtachukua wenyewe, mimi sina uso wa kufundisha mtu. Partition usiyoijua kazi yake, iache. Amri usiyoijua, usiiandike hata kama aliyekupa ana nyota tano humu. Na kabla hujagusa chochote, hamisha ng'ombe.

Sasa semeni nyie. Zizi lako ni moja au mawili? Na kama ni moja, ndani yake kuna mama wa nani?