Kichwa cha Zhecho

Zhecho ni kaka wa marehemu mke wangu, Velika. Alizaliwa nyumba ya jirani, na nyaya zote zilizomo kwenye kuta za nyumba yetu alizipitisha yeye, mwaka ule tulipooana. Umeme alifundishwa jeshini. Alikuwa kijana mwembamba, anayejivunia mikono yake. Akimaliza chumba alimwita Velika, akamwambia, "Washa, dada." Taa ikiwaka, anaondoka bila kuaga.

Baadaye kiwanda cha kwetu kilifungwa, naye akaenda Ujerumani. Uzee ulimkuta huko. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine za kukandamiza mabati, na mashine hizo zikamla masikio. Mke alipata, mke akaondoka. Mtoto hakupata. Alirudi na koti zuri, sanduku la vifaa, na kichwa cha kigeni.

Nieleze hicho kichwa. Kwetu Bulgaria mtu akikubali hukitikisa kichwa huku na huku. Akikataa hukiinua na kukishusha. Ndivyo tulivyokuta. Wajerumani ni kinyume. Na Zhecho, kwa kuwa hasikii, huko alizoea kutazama vichwa vya watu kuliko midomo yao. Basi na chake kikageuka.

Siku za kwanza aliingia dukani kwa Gergina, akauliza kama mkate upo. Gergina akatikisa kichwa. Zhecho akatoka mikono mitupu. Mkate umejaa rafu nzima.

"We Mjerumani!" Gergina akamfuata mlangoni. "Unauogopa mkate wetu?"

"Si umesema hakuna!"

"Nimesema upo! Unakiona kichwa hiki? Kimesema upo!"

"Basi kifundishe kusema vizuri."

Kijiji kizima kilicheka. Velika alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo alikuwa akimshika kaka yake kidevu, anamgeuza uso, anamwambia kwa mdomo, polepole: "Ndiyo, kaka." Au, "Hapana, kaka." Kwa kichwa hakumjibu tena. Mimi sikujifunza hilo. Yeye ndiye aliyekuwa katikati yetu.

Velika alifariki mwezi wa tatu, korongo walipokuwa wakirudi. Karatasi yake ya tanzia, yenye picha, tuliibandika kwenye geti. Ikafuata ya arobaini. Ikafuata ya nusu mwaka. Iliyobaki ni ya mwaka. Mwenye nyumba ndiye hubandika. Nilitaka jambo hilo tu: mwaka ukitimia niwe ndani ya nyumba yangu, nitoke na gundi yangu, nimbandikie. Baada ya hapo wanipeleke popote.

Majira ya baridi yalipoanza, boila likagoma. Ni boila la kuni, liko chumba cha chini, linachemsha maji yanayozunguka kwenye vyuma vya joto vya kila chumba. Zhecho akalifungua, akasema bodi imekufa, kile kisahani chenye nyaya kinachoamrisha feni na pampu. Mpya ilipatikana kwa shida. Muuzaji alisema ni ya mwisho, kiwanda kimeacha kuzitengeneza.

Binti yetu Nevyana akapiga simu kutoka Sofia.

"Baba, Jumamosi nakuja. Nikikuta nyumba ya baridi, unaondoka na mimi. Kifua chako hicho sikichezei."

"Mjomba wako anatengeneza."

"Mjomba hasikii, baba, na wewe huna pumzi. Mnatengeneza nini?"

Ijumaa asubuhi Zhecho akafunga bodi mpya. Akawasha. Feni ikazunguka, kuni zikashika. Pampu kimya. Maji yakaanza kuchemka chini, na huku juu vyuma ni barafu. Akazitoa kuni zikiwaka, akazimwagia maji uani.

Akaipa pampu umeme moja kwa moja. Ikazunguka. Akatazama fyuzi. Nzima.

"Basi ni swichi ya jikoni," akasema. Hiyo ndiyo inayopima joto la nyumba na kuiambia bodi izungushe pampu. Nyaya zake mbili zilikuwa bado zinaning'inia chini. Bodi mpya ilikuwa na matundu yake kwa ajili hiyo, na pembeni pamechorwa alama ya radi iliyokatwa kwa mstari.

"Nini hiyo?" nikamuuliza, nikaionyesha kwa kidole.

"Wanataka waya ije imekufa. Ikija na moto wa umeme, bodi inaungua."

"Si umezima swichi kubwa ya huku chini?"

Hilo alilisoma mdomoni mwangu. "Nimezima. Lakini hizi sikumbuki nilizitoa wapi. Huku chini, au kwenye umeme wa jikoni. Nilikuwa kijana, shemeji. Nilikuwa natoa popote palipo karibu."

Mikono yake siku hizi hutetemeka, na ncha za waya kule chini ni nyembamba. Juu kwenye swichi kuna skrubu kubwa. Akanipa testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani. Mlango wa chumba cha chini umo humo humo jikoni, ukisimama pale unamwona mtu aliye kwenye boila.

Nikapanda jikoni, nikafungua kifuniko cha swichi. Nikagusa skrubu. Kitaa kikawaka, chekundu.

"Ina moto?" Zhecho akapaza sauti, kama viziwi wapazavyo. Amezishika zile nyaya kwenye plastiki yake, ananitazama.

Nikajibu kama nilivyojibu maisha yangu yote. Nikatikisa kichwa huku na huku. Ndiyo. Ina moto.

Nikamwona anatabasamu. "Safi kabisa," akasema, akageukia bodi.

Nikamwita. Mgongo wake haukusikia. Kukatoka mlio mdogo, kama punje ya mahindi ikipasuka kikaangoni. Kisha moshi. Kisha ile harufu.

"Shemeji! Umesema haina!"

Nikashuka mpaka mbele yake, nikasema kwa mdomo. "Nimesema ina."

Akakitikisa kichwa chake. Akasimama. Akakiinua na kukishusha. Alikuwa anavijaribu vyote viwili, taratibu. Halafu akaketi juu ya gogo.

"Velika angesema kwa mdomo," akasema.

Muuzaji tulimpigia. Hana, na hajui mwenye nayo. Bodi za aina nyingine hazikai kwenye boila lile. Zhecho akairudisha ya zamani, akaipuliza vumbi, akaisemesha maneno ya Kijerumani. Imekufa tu.

"Naliunga bila bodi," akasema jioni. "Feni moja kwa moja, pampu moja kwa moja."

"Na maji yakizidi kuchemka? Nani atalizima?"

"Nitakaa nalo mimi. Nitahamia hapa chini."

Nikamwonyesha sikio langu. Likitaka kuchemka kupita kiasi, linanguruma kwanza. Anayelilinda lazima asikie, na kifua changu hakiwezi moshi wa kule chini.

Akaitazama mikono yake.

Nevyana alifika Jumamosi. Akaweka kiganja kwenye chuma cha jikoni, akakitoa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaanza kukunja nguo zangu.

"Mjomba," akamwambia Zhecho usoni, "toa maji yote, mabomba yasipasuke kwa barafu."

Zhecho akafungua chini. Maji yakatoka uani, meusi, yakinuka chuma. Yale yalizunguka mle ndani tangu Velika akiwa mzima. Yalichukua muda mrefu. Vyuma vikawa vinakoroma, kimoja kimoja, mpaka nyumba ikanyamaza.

Zhecho akanisindikiza hadi garini. Nevyana alishapandisha vioo kwa ajili ya kifua changu, vimeingia ukungu. Nikafuta kwa mkono. Nikamwonyesha geti, karatasi ya nusu mwaka iliyoanza kukunjamana pembeni. Nikasema kwa mdomo, polepole, kama alivyofanya dada yake:

"Mwezi wa tatu. Utanibandikia?"

Alielewa. Nilimwona ameelewa. Kichwa chake kikapanda, kikashuka. Gari likaondoka.

Huku Sofia, ghorofani kwa Nevyana, kuna joto. Nikimuuliza habari za mwezi wa tatu, anasema, "Tutaona, baba." Mimi nakiwaza kichwa kile. Kama kilikuwa cha kule Ujerumani, amekubali. Kama kilikuwa cha kwetu, amekataa, maana tangu siku ile haiamini mikono yake hata kwa gundi.

Nikimpigia simu, inaita tu. Haisikii.