Kitundu Nilichokiziba

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya vitu vya kale mjini Mtwara alinipa vipande viwili vyeupe. "Kipi mfupa, kipi pembe ya ndovu?" Nilikisia, nikakosa. Akanionyesha: pembe ikikatwa, usoni mwake huonekana mistari inayopishana kama ukili wa mkeka.

Miaka sita nilikaa benchi lake. Nilijifunza kulainisha pembe kwa jani la msasa, kisha kwa majivu yaliyochekechwa, na kutoianika juani kamwe, maana hupasuka. Baadaye nilihamishiwa benchi la ala za muziki. Huko ndiko alikonikuta Bi Somoe wa Mahurunga.

Alileta filimbi ya babu yake, aliyevuka nayo Ruvuma kutoka Msumbiji. Ilichongwa kutokana na ncha ya pembe ya ndovu. Wanunuzi wa pembe wa zamani walitaka shina lake nene, ncha akaachiwa mwindaji. Sasa ilikuwa na ufa.

"Jumamosi wajukuu zangu wanatoka jandoni," alisema. "Ukoo wetu haupokei watoto bila hii."

Niliuziba ufa kwa nta na unga wa pembe. Karibu na mdomo palikuwa na kitundu cha upana wa punje ya mtama. Nikadhani ni cha mdudu, nacho nikakiziba.

Ijumaa alikuja, akapuliza. Sauti ilitoka safi kabisa. Akaishusha.

"Fundi, umemponya mgonjwa ukamkata ulimi. Mkwaruzo wa sauti yake uko wapi?"

Kitundu kile, alinieleza, hubandikwa utando mweupe ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake. Ukipuliza, utando hutetemeka, filimbi ikavuma.

"Uliuliza?" Fundi Mkuu alisema nyuma yangu.

"Hapana, mzee."

"Basi kakifungue. Ukiipasua filimbi, kupata pembe nyingine sheria hairuhusu."

Nilichokonoa kwa sindano na maji, chembe kwa chembe, tangu saa tatu hadi alasiri. Bi Somoe alizunguka kuta akitafuta buibui, akiwatania wafagizi: "Ninyi nanyi, usafi gani huu wa kufukuza hata wenyeji!" Akampata nyuma ya kabati la mafaili. Akabandika utando kwa nta, akapuliza. Filimbi ikavuma. Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaifunga filimbi, akawahi gari la Mahurunga.

Nimestaafu mapema kwa sababu ya macho. Tangu siku ile sikugusa ala yoyote kabla ya kumwomba mwenyewe aniigie sauti yake ilivyokuwa. Ada pekee niliyowahi kuilipia elimu hii ni mshahara niliokatwa kwa saa zile zilizopotea: shilingi elfu nane.