Shimo la Pili Chini ya Nyumba

Nyumba ambayo sikuinunua ilinigharimu shilingi arobaini za arubuni, Jumapili moja, na miezi miwili ya mke wangu kunisalimia kama mgeni. Nimepiga hesabu mara mbili. Ilikuwa bei nafuu.

Nilianza kazi mwaka wa hamsini na tatu. Siku ya kwanza Bwana Mpimaji, aliyekuwa na ofisi pale Thika, hakunipa hata mnyororo wa kupimia. Alinikabidhi kwa nyapara wake, Mzee Wafula, mtu wa magharibi, naye akanipa koleo. Tulikagua miteremko kabla mteja hajanunua nyumba, kutoka bonde la Chania hadi Ruiru. Siku hizo za hali ya hatari askari walitazama pasi yangu nikienda, wakaitazama tena nikirudi, kwa hivyo nilizoea mapema kwamba kitu hukaguliwa mara mbili.

Mzee Wafula alianza na macho. Mti uliopinda shinani kisha ukanyooka juu unaonyesha kwamba udongo unatambaa. Nyasi mbichi katikati ya kiangazi, basi kuna maji chini. Baada ya hapo tulichimba mashimo ya majaribio, kina cha kifua, moja juu ya nyumba na lingine chini yake. Udongo mwekundu hunywa maji na kusimama. Ule mweusi huvimba mvua ikinyesha, hupasuka jua likiwaka, na ukuta huufuata.

Miaka mitano niliwachimbia wengine. Halafu nikapata nyumba yangu: vyumba vitatu, mabati mapya, juu ya mto. Mwenyewe, mfanyabiashara wa duka, alitaka elfu moja na mia mbili. Nilimwendea mara tatu, nikamfikisha mia tisa, akiba yetu yote. Mke wangu, aliyechoka na chumba kimoja cha kupanga, alikuwa ameshachagua dirisha la kuwekea cherehani. Jumatatu nikajisifu kazini.

"Umechimba?" Mzee Wafula akauliza.

"Mzee, nimemteremsha mia tatu."

"Sijauliza ulichoteremsha, Gitau. Nimeuliza ulichochimba."

Sikuwa nimechimba. Shughuli ya bei ilinisahaulisha kazi inayonilisha.

Jumapili baada ya ibada alikuja na koleo lake. Shimo la juu lilitoa udongo mwekundu, mkavu, mgumu. Mwenye nyumba akacheka, akauliza kama sasa tunaweza kunywa chai. Nami, nikiri, nilitaka chai. Mzee Wafula akateremka chini ya nyumba, akachimba tena. Mwekundu, mwekundu, mwekundu. Alipofika kifuani aliinama, akainuka na kitu mkononi: mabua ya mahindi yaliyooza, mizizi yake ingali ndani ya udongo mweusi wa shamba.

"Hapa palilimwa," akasema. "Huu mwekundu wote umekatwa kule juu ukamwagwa hapa. Nusu ya nyumba imekaa mlimani, nusu imekaa juu ya taka."

Mwenye nyumba alisema udongo ni udongo. Arobaini zangu hakuzirudisha. Nyumbani mke wangu akaniuliza kama siku hizi tunakataa nyumba kwa sababu ya mahindi.

Mvua ya masika ikajibu badala yangu. Chumba cha chini kiliteremka usiku mmoja, ukuta na yote, hadi kwenye migomba. Kwa bahati kilikuwa tupu. Sisi tungelala wanne humo. Mke wangu alikwenda kutazama, akarudi, akampelekea Mzee Wafula jogoo.

Jogoo aliliwa, lakini ujira Mzee alikataa. "Nikistaafu nitanunua kwetu mlimani," aliniambia. "Utakuja unichimbie mawili."

Nimestaafu nikiwa na nyumba Ruiru, upande wa Kimbo, imara, mashimo mawili kabla ya shilingi ya kwanza. Mzee Wafula alifariki akiwa bado kwenye nyumba ya kupanga. Mwezi uliopita binti yake aliniandikia: amepata nyumba kwenye mteremko, na baba yake alimwambia asilipe kitu kabla sijafika.

Nauli ninayo. Mgongo wa kuingia shimo la kifua sina. Nyinyi mnaoifanya kazi hii sasa, nishaurini: nikisimama ukingoni nikasoma udongo, kijana wangu akachimba, deni litakuwa limelipwa, au Mzee atasema nimechimba moja tu?