Jembe la Mahari na Masomo ya Hadithi

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyonusurika kwenda kuuza sukari na mafuta ya taa katika duka la baba mdogo pale Tunduma, wakati wenzangu wanaanza kidato cha tano.

Nakueleza haya kwa sababu juzi mama yako alinipigia simu analia, nikadhani kuna msiba. Nikamwuliza, nani amefariki? Ananijibu eti umechaguliwa kombi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza. Loo! Ndiyo hicho cha kulilia? Na wewe nasikia ulijifungia chumbani, chakula hutaki, kisa wenzako wanakucheka kwamba umepelekwa kwenye masomo ya porojo. Basi vizuri wamekuleta huku Mlowo kwangu mimi bibi yako. Kaa, kunywa chai, unisikilize.

Mimi nilichaguliwa masomo hayohayo. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mwema, ila akishakasirika hasikii hata kengele ya kanisa. Alitaka daktari. Aliposikia habari za Historia na fasihi, akaweka kikombe chini, akasema, "Sitauza kahawa yangu nisomeshe hadithi. Hadithi bibi yake anazo, tena anazitoa bure." Mama akajaribu kumsihi, wapi! Ikaamuliwa niende dukani kwa baba mdogo. Wenzangu walifunga masanduku yao, wakapanda gari, wakaenda shule. Mimi nikabaki nageuza kahawa kwenye vichanja, machozi yananidondoka juu ya mbegu. Niliumia, mwanangu, siwezi kukuficha.

Katikati ya hayo, kaka yangu mkubwa akapata mchumba, binti wa Kinamwanga, si Mnyiha kama sisi, kwao upande wa Tunduma. Siku ya kwenda kukamilisha mahari, shangazi yangu, dada yake baba, akasema niende naye nimbebee kapu. Shangazi huyo alikuwa mwembamba kama fimbo, lakini akiongea, ukoo mzima unanyamaza. Tukaenda. Wanaume wakakaa kwenye viti, sisi wanawake kwenye mkeka karibu na mlango.

Mazungumzo yalienda vizuri mpaka ng'ombe wakakubalika, watu wakaanza kucheka. Ndipo babu yake yule binti, mzee mwenye sauti ya taratibu, akasema, "Limebaki moja. Tunataka jembe."

Mshenga wetu akasema jembe si tatizo, dukani yapo. Mzee akatikisa kichwa. "La dukani hapana. Tunataka la zamani, hata kama limelika."

Weee! Baba akasimama. Uso umemvimba. Akasema hajavuka milima yote ile kuja kudhihakiwa, kwamba wamemwona fukara wa jembe bovu, na kwamba mwanawe ataoa kwingine. Akachukua kofia yake. Wajomba wa binti nao wakasimama. Nikamwona kaka yangu, kijana wa watu, ameinamisha kichwa. Hasira hasara, tunasema kila siku, lakini nani huikumbuka methali akiwa amekasirika?

Mwalimu wetu wa Historia kidato cha nne alikuwa na tabia moja. Ukicheka desturi ya watu wowote, awe Mzulu awe Mjerumani, anakusimamisha darasani. "Umewauliza ilianzia wapi? Hujauliza? Basi kaa, huna unachokijua." Maneno hayo yalikuwa yameniingia. Nikamnong'oneza shangazi, "Mbona hakuna aliyeuliza jembe ni la nini?"

Shangazi akanitazama. Kisha akapaza sauti, "Kaka, subiri. Mtoto wako ana neno."

Msichana kusema mbele ya wakwe! Sijui nilitoa wapi nguvu. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikasema, "Babu, naomba unifundishe. Hilo jembe, kwenu lilianzia wapi?"

Yule mzee akakaa, na wengine nao wakakaa mmojammoja. Akasema bibi yake yeye aliolewa kwa jembe lililofuliwa na wahunzi wa Kinyiha, huko kwetu milimani. Walilitunza miaka mingi mpaka likapotea. "Leo Wanyiha wenyewe wamekuja kuchukua binti yetu," akasema. "Nikitia jembe la kwenu ndani ya nyumba hii, wajukuu zangu watajua kwamba sisi na ninyi tulikuwa ndugu tangu zamani. Nimekuombeni heshima. Sasa mwenzangu anachukua kofia!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Baba naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeteleza mbele ya watu. Shangazi akasema jembe la namna hiyo analo, limekaa miaka chungu nzima likiegemeza mlango wa banda la kuku. Kaka yangu alishusha pumzi mpaka tukaisikia sisi wa kwenye mkeka.

Wakati wa kurudi, tukiwa tunasubiri gari barabarani, shangazi akamgeukia baba. "Kaka, leo umesimama hujui hata kama umetukanwa au umeheshimiwa. Unataka daktari, hata mimi namtaka. Lakini daktari asiyeuliza unaumwa wapi si atakukata mguu mzima? Huyu mtoto amekuokolea mkwe kwa kuuliza tu, na wewe unampeleka dukani akapime sukari." Shangazi akanigeukia mimi, "Na wewe usivimbe kichwa. Umejua kuuliza swali moja. Mengine nenda ukayasome."

Tulipofika nyumbani, baba hakukaa. Alisimama mlangoni akamwuliza mama, "Sanduku la huyu mtoto liko wapi?"

Mwanangu, nililia tena, safari hii kwa furaha. Ule mzigo niliokuwa nao kifuani ulishuka wote. Kulipokucha baba alinibebea sanduku mwenyewe mpaka stendi, hakumruhusu mtu amsaidie. Gari lilipowashwa akaja dirishani, akasafisha koo, akasema, "Wakikufundisha habari za wahunzi wetu, ukirudi likizo unisimulie." Nilisimulia. Alikaa kusikiliza mpaka chakula kikapoa.

Basi sikia nasaha yangu. Wanaosomea sayansi wasome, Mungu awasaidie, tunawahitaji. Lakini wewe usiende shule kichwa chini. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hayo masomo yako ni ya kukufundisha kuuliza na kungoja jibu, usikie mtu ametoka wapi kabla hujamhukumu. Hapo Tunduma kwenu, mpakani, watu wa kila lugha wanapitana mchana kutwa. Kazi ya mtu anayejua kuuliza na kusikiliza utaikosaje? Mama yako nitampigia mimi, nitamwambia afute machozi akushonee sketi za shule.

Mungu wa babu zako akutangulie njiani, akupe walimu wenye subira na marafiki wenye moyo. Haya, inuka, kachukue sanduku lako. Na ukirudi likizo, unisimulie.